Nozeli Aliyoisafisha Shangazi

Watu wakisikia nafanya kazi kwenye duka la matrekta hapa Same mjini, swali la kwanza huwa ni kama nakaa mapokezi. La pili ni mshahara. Lile la kwanza nimezoea kulijibu kwa kuweka mikono yangu mezani, maana grisi ikishaingia kwenye mistari ya viganja haitoki kwa sabuni yoyote, na anayeiona hunyamaza mwenyewe. La pili nalijibu kwa urefu. Nimechoka kusikia vijana wa wilaya hii wakiamini kwamba kazi yenye mshahara ni ile ya kukaa kwenye kiti cha kuzunguka huko Dar es Salaam au Arusha, na zilizobaki zote ni kubangaiza.

Basi nijibu. Kwenye duka la zana za kilimo, muuzaji ana mshahara mdogo na kamisheni. Wakulima wa mpunga kule tambarare wakivuna vizuri, muuzaji anavaa viatu vipya na anaongea kwa sauti. Mvua zikikata, anakuwa mpole kwa kila mtu. Fundi hana kamisheni, lakini mashine huharibika mwaka mzima, kwa mvua na kwa jua, na fundi mwenye barua ya ajira ana mshahara wa kila mwezi, ana bima, ana mchango wa pensheni, na akitoka nje ya mji ana posho ya safari. Juu yake kuna fundi mkuu wa karakana, ambaye leo ndiye mimi. Nimejenga. Nimewasomesha wadogo zangu wawili. Kaka yangu, ambaye nyumbani tuliambiwa tumuige kwa sababu alichagua ualimu, aliwahi kuniomba aione hati yangu ya mshahara. Aliisoma yote, juu mpaka chini, akanirudishia. Siku hiyo nilimnunulia soda.

Najivuna, najua. Lakini barua hiyo ya ajira nusura niikose, kwa ajili ya kitu chenye ukubwa wa kidole.

Nilipotoka chuo cha ufundi nilichukuliwa dukani kama kibarua. Kazi yangu ilikuwa kufungua makasha, kuunga pawatila mpya, zile trekta ndogo za kusukuma kwa mkono, kufagia karakana, na kuwashikia spana mafundi wawili ambao mmoja wao nilikuwa namzidi ujuzi, na yeye alilijua hilo. Nililipwa posho ya siku. Siku ya mvua kubwa, au ya msiba mjini, duka likifungwa, sina kitu. Nilikaa hivyo miaka miwili. Bosi wetu ni mzaliwa wa hapa hapa mjini, ukoo wao umefanya biashara kandokando ya njia kuu tangu enzi za mababu zao, na ni mtu wa swala tano na maneno machache. Hakuwa mbaya kwangu. Ila hakuwahi kuona mwanamke akiifungua injini akaifunga ikawaka, na alikuwa anasubiri aone.

Nafasi ilikuja baada ya masika. Kikundi cha wakulima wa kwetu Chome kilinunua mashine ya kupukuchua mahindi pamoja na injini yake ya dizeli. Mvua zilikuwa zimekata barabara ya kupanda mlimani na hakuna aliyekuwa ameitengeneza, hivyo lori lingeishia njiani na mzigo ungemalizia safari kwa mabega ya watu. Fundi wa kwanza akasema mgongo unamsumbua. Wa pili akakumbuka harusi. Bosi akaniita.

“Binti, Chome si ndiyo kwenu?”

“Ndiyo, bosi.”

“Ipeleke. Uifunge, uiwashe mbele yao, waweke sahihi. Ukiniletea fomu safi tutaongea habari ya barua yako.”

Fomu ya makabidhiano ninaijaza mpaka leo. Ina mistari mingi ya kawaida, na chini kabisa kuna mstari mmoja unaouliza sababu ya hitilafu, kama ipo, na pembeni visanduku viwili: mteja au fundi. Ukiweka alama kwa mteja, mteja anagharamia. Ukiweka kwa fundi, gharama ni ya duka, na karatasi inaingia kwenye faili la fundi na kukaa humo. Fomu safi ni ile ambayo mstari huo umeachwa mtupu.

Nilipanda na lori nikiwa na furaha na hofu. Kijijini baba yangu, mzee wa kanisa, akiulizwa binti yake anafanya nini Same, alikuwa anajibu, “Yuko dukani,” kisha anageuza mazungumzo. Alitaka niwe nesi. Hakuwahi kunigombeza, ila neno fundi lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa nalisubiri kama nilivyokuwa naisubiri barua.

Tulipofika mahali barabara ilipokatika tulikuta kijiji kizima. Kwetu kazi ya wote ikitangazwa, iwe ni kuzibua mfereji wa maji ya mashamba au kufyatua matofali ya darasa, kila kaya inatoa mtu, na kaya isiyotoa inatozwa faini mbele ya mkutano. Huo ndio msaragambo, na siku hiyo msaragambo ulikuwa wa kubeba mashine. Nikashuka na sanduku langu la spana nikaanza kupunguza uzito. Nilifungua flaiwili, puli, tanki la mafuta, eksozi, chujio la hewa, hendeli, mpaka boliti nikazigawa kwa mafungu. Injini yenyewe ikafungwa kwenye miti miwili ya mkaratusi, wanaume wanane. Mapipa ya mashine yakagawanywa kwa wengine. Nilikuwa natoa amri kwa wanaume walioniona nikiokota kuni, nao wanatii, na utamu wa kutii kwao ulinipanda kichwani. Hilo nalikiri.

Nozeli niliitoa kwa sababu imechomoza ubavuni mwa injini na ingeweza kugongwa na mti. Hicho ndicho kile kitu cha ukubwa wa kidole. Kinapuliza mafuta ndani ya injini kupitia tundu dogo sana, na ndani yake kuna sindano ya chuma iliyokaa kwa kubana hivi kwamba unywele hauna pa kupita. Chuoni tulifundishwa kwamba nozeli ikitolewa, inazibwa kwa vifuniko vyake vya plastiki ncha zote mbili, inaingia mfukoni mwa fundi, haipewi mtu. Vifuniko nilikuwa navyo kwenye sanduku.

Ila shangazi yangu alikuwa amesimama pembeni. Ni dada mkubwa wa baba, mjane, anaishi peke yake, na kaya yake ni yeye tu. Kila mtu alikuwa na mzigo, yeye hana. Asipobeba kitu, ama ataandikwa hakuja, ama atahurumiwa, na kati ya hayo mawili la pili ndilo ambalo lingemuumiza. Nikamfungia nozeli kwenye pindo la kitenge chake.

“Shangazi, wewe beba hii. Ndogo lakini bila hiyo mashine haiwaki.”

“Haiwaki?”

“Haiwaki kabisa.”

Akalishika pindo kwa mikono miwili, akapanda nayo hivyo mlima mzima.

Tulifika juu jioni, ukungu umeshuka na manyunyu yameanza. Ghala la kikundi lilikuwa halijatiwa mlango. Mwenyekiti wa kikundi akasema injini na mapipa yalale pale chini ya turubai na vijana walinde, na vile vitu vidogo kila mtu aende na chake nyumbani, kama mtu anavyoenda na jembe lake baada ya msaragambo, asubuhi tukutane. Fundi yeyote kutoka mahali pengine angekataa. Angekusanya vyuma vyake vyote akavilalia. Mimi nilikuwa Mpare kati ya Wapare, nimekulia humo, nikaona ni jambo la kawaida kabisa. Nikaenda kwa mama nikala makande nikalala.

Asubuhi vyuma vyangu vilirudi, na vyote vinang'aa.

Sikuwa nimefikiria hilo. Kwetu hurudishi chombo cha mtu kikiwa kichafu. Ukiazima sufuria unairudisha imesuguliwa zaidi kuliko ulivyoipokea, vinginevyo utasemwa. Sasa kaya ishirini na kitu zilikuwa zimelala na chombo cha kikundi, kila moja ikijua kwamba asubuhi majirani watakitazama. Tanki lilikuwa limeoshwa nje na ndani likaanikwa juu ya meko. Puli zimepigwa samli. Chujio la hewa, kwa bahati, lilikuwa la chuma, lilifuliwa kwa sabuni ya kipande na likanukia vizuri. Nikaanza kucheka, na kicheko kikanikatikia hapo hapo, kwa sababu niliikumbuka nozeli.

Shangazi alifika wa mwisho. Alikuwa ameifunga kwenye kitambaa cheupe anachokwenda nacho kanisani. Akakifungua polepole mbele ya watu.

“Ilikuwa na mafuta machafu meusi,” akasema. “Nimeisugua kwa majivu na gunzi mpaka ikakubali. Na kitundu chake kilikuwa kimeziba, nikakizibua kwa sindano ya jiko la mafuta. Sikutaka watu waseme binti yetu ameleta vyombo vichafu.”

Majivu ndani ya nozeli ni mchanga ndani ya jicho. Na kile kitundu hakikuwa kimeziba, ndivyo kilivyo, kidogo hivyo hivyo. Niliona barua yangu ikienda. Niliona mafundi wale wawili wakicheka karakanani. Hasira ilinishika, ikanitoka, ikanirudia, na kila iliponirudia ilikuta hakuna wa kuipokea ila mimi. Yeye alikuwa amesimama anasubiri sifa yake.

“Asante, shangazi,” nikasema. “Umeifanya vizuri.”

Kisha nikawageukia watu waliojaa pale na mahindi yao kwenye viroba, nikawaambia mashine ikitoka tambarare lazima ipumzike kwanza ipate kuizoea hewa ya mlimani, waje saa nane. Waliitikia kwa vichwa, wakaona ni jambo la maana. Nilipanda kilimani kwenye mtandao, nikampigia bosi, nikamwambia nozeli imeingia uchafu na nitahitaji nyingine.

“Nyingine ipo,” akasema. “Hiyo fomu utaijaza sababu.” Akakata.

Nilikwenda nyuma ya nyumba yetu na sinia la mama, dizeli safi kwenye bakuli, na brashi ndogo. Sindano ya ndani ilikuwa imekwama. Nililoweka, nikasubiri, nikaigusa, nikaloweka tena. Huwezi kutumia nguvu, ukiikwaruza imekufa. Baba alikuja akasimama nyuma yangu. Akatazama bakuli, akaona kijivu kinavyotua chini.

“Ni majivu?”

“Ni majivu, baba.”

“Ya dada yangu.”

Baba akavuta kigoda akakaa mbele yangu, akalishika sinia kwa mikono yote miwili lisitikisike. Alikaa hivyo mpaka karibu na saa saba. Sikuwahi kumwona baba akikaa muda mrefu hivyo bila kutoa maoni. Sindano ilipoachia ilishuka yenyewe kwa uzito wake, taratibu, kama inavyotakiwa, na nilipoinua macho nilimwona anatabasamu, ingawa hakujua anachekea nini.

Saa nane nilizungusha hendeli mwenyewe. Kijana mmoja alijitokeza kunisaidia, nikamwambia akae pembeni. Mzunguko wa kwanza haikuwaka, wa pili haikuwaka, wa tatu injini ilikohoa moshi mweusi kisha ikashika. Nikatia mkanda, nikawaambia wamwage. Mahindi yalitoka upande mmoja na magunzi upande mwingine, na wanawake ambao kila mwaka vidole huwatoka malengelenge kwa kupukuchua walipiga vigelegele mpaka sikusikia injini. Sijawahi kujisikia vile tena, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo.

Lakini ule moshi ulikuwa mweusi mno. Kwa sikio nilitambua kwamba nozeli inadondosha mafuta badala ya kupuliza. Ingefanya kazi mwezi, labda miwili, kisha ingeanza kuwaumiza. Ilihitaji kubadilishwa, na ya kubadilishia ilikuwa stoo Same, na stoo haitoi bila sababu kuandikwa.

Mwenyekiti alitia sahihi yake akaenda zake. Nikabaki na fomu kwenye paja, nikitazama vile visanduku viwili. Kuweka alama kwa mteja kusingekuwa uongo mtupu. Aliyeingiza majivu ni mtu wa kikundi. Kikundi kingeambiwa kilipe, mkutano ungeitwa, kwa sababu kwetu mkutano unaitwa hata kwa jembe lililovunjika mpini, na mwanamke mzee angesimamishwa kati ya watu aeleze kwa nini alisafisha. Na mimi ningepata barua yangu. Niliwaza hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Kisha nikakumbuka vifuniko viwili vya plastiki. Vilikuwa ndani ya sanduku langu, havijaguswa. Niliweka alama kwa fundi, nikaandika kwa herufi kubwa: fundi alitoa nozeli, hakuiziba, akampa mtu mwingine abebe.

Bosi aliisoma akiwa amesimama kaunta. Aliisoma tena. Akaenda kwenye kabati la chuma, akavuta droo, akanionyesha mafaili yaliyojaa.

“Fomu hizi zote ni za hitilafu,” akasema. “Nozeli zote zilizokufa wilaya hii zimeuawa na wateja. Pampu, wateja. Klachi, wateja. Hii yako ndiyo ya kwanza kuuawa na fundi.”

Nilikuwa natazama mstari wa vigae sakafuni.

“Nozeli utakatwa kwenye mshahara.”

“Bosi, sina mshahara. Nina posho.”

“Utakuwa nao,” akasema, akaenda kuswali.

Hati yangu ya kwanza ya mshahara wa fundi, chini ya bima na pensheni, ina mstari mmoja wa ziada: makato ya nozeli moja. Ndiyo niliyompa kaka yangu aisome kwanza siku ile, kabla sijampa ya mwezi huo. Nimeiwekea karatasi ya nailoni na inakaa ukutani karakanani, na kijana akiajiriwa, wa kiume au wa kike, namsimamisha mbele yake kabla sijampa spana. Sasa ninao wanne chini yangu, wawili wasichana, mmoja anatoka Kisiwani, humu humu wilayani, na kila mmoja anatembea na vifuniko vya plastiki mfukoni. Hakuna anayekaa miaka miwili kwenye posho. Hilo nililipigania mwenyewe, kwa mdomo mrefu, na bosi alikubali ili nimwache apumzike.

Nozeli mpya niliipeleka Chome wiki iliyofuata, ndani ya mfuko wa shati langu. Niliifunga asubuhi wakati watu wako mashambani. Ile ya zamani niliitia sandukuni.

Chome leo mtu akipandisha mashine yoyote, hata pampu ya mgongoni, huiacha ikae nusu siku ipate kuzoea hewa. Nimesikia wakifundishana. Nimewaacha.

Mwaka huu nilipokwenda nyumbani, baba alikuwa na wageni barazani. Mmoja akauliza huyu ni nani, na baba akasema, bila kugeuza mazungumzo, “Ni binti yangu, fundi wa matrekta.” Shangazi alikuwa ameketi kwenye mkeka, macho yake sasa hayaoni vizuri. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanivuta mkono akavipapasa viganja vyangu vyenye grisi kama anayetafuta kitu.

“Ile mashine bado inawaka?”

“Inawaka, shangazi.”

Akawageukia wageni, sauti yake imejaa.

“Nozeli yake niliisafisha mimi,” akasema. “Huyu fundi ndiye aliyeifunga.”

“Ndivyo ilivyokuwa,” baba akasema, akanitazama.

“Ndivyo ilivyokuwa,” nikasema.